Mtoto huyu atakaa na nani? Namna ya kuandaa kikao cha familia

Huenda nyumbani kwako yupo mtoto ambaye hukumzaa. Alikimbia pamoja nawe, au jirani alikuachia, au alifika na bibi yake na bibi akafariki. Unamlisha, unampeleka kituoni akiugua, unamtandikia mkeka pamoja na wa kwako. Lakini swali moja bado halijajibiwa: mtoto huyu atakaa na nani, na ni nani aliyeamua?

Mara nyingi jibu huja bila watu kuketi. Ndugu mmoja anapita na kumchukua. Au mfanyakazi wa shirika anaandika jina kwenye fomu na kumpeleka mtoto kwa mlezi asiyemjua. Au hakuna anayeamua, na mtoto anahamahama kutoka nyumba moja hadi nyingine. Makala hii inaeleza njia nyingine: kikao cha familia, ambapo ukoo wenyewe unakaa, unapewa habari zote na unaamua. Tutaeleza hasa kazi ya mratibu wa kikao, kwa sababu kikao kikiharibika, mara nyingi kimeharibika kabla watu hawajakaa.

KWA NINI KITUO CHA AFYA KINAANDIKA HABARI HII?

Mtoto anayehamishwa mara kwa mara hupoteza kadi ya chanjo. Mtoto mwenye kifafa hukatishiwa dawa kwa sababu mlezi mpya hakuambiwa. Mtoto mdogo aliyeachwa kwa mlezi asiye na msaada huanza kukonda. Tukimpima mkono kwa utepe na kukuta chini ya milimita 115, huo ni utapiamlo mkali na maisha yake yako hatarini. Tunaweza kumpa chakula cha tiba na akapona. Lakini akirudi kwenye nyumba ileile isiyo na mpango, tutamwona tena. Dawa peke yake haitoshi ikiwa hakuna mtu aliyesema, “Huyu ni wangu, nitamlea, na fulani atanisaidia.”

FAMILIA ZA QUIONGA ZIMEGAWANYIKA MARA NYINGI

Pembe hii ya ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikatwaliwa na Wareno mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaiacha mikononi mwa Wareno. Wenyeji hawakuulizwa. Ndiyo maana familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mto. Wakati wa vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, watu wengi wa kaskazini walivuka kwenda Tanzania, na baadaye wengi wao walirudi.

Kisha ikaja vita iliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga pwani ya Cabo Delgado. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Watu walikimbilia Quitunda, wengine walipita msituni kuelekea Quionga na Ruvuma, wengine walipanda mashua hadi Pemba. Katika kukimbia kwa namna hiyo, mkono wa mtoto huachia mkono wa mama bila mtu kutaka.

Jambo moja linatupa moyo. Katika vita ya ndani ya Msumbiji, iliyokwisha mwaka 1992, watoto wengi sana walitengana na wazazi. Nchi haikuchagua kujenga nyumba kubwa za yatima kila mahali. Ilichagua kuwatafuta ndugu, na pale walipokosekana, kuwaweka watoto katika familia nyingine za jamii. Kwa hiyo kikao tunachokieleza hapa si jambo geni lililoletwa na mashirika. Mizizi yake iko kwenu.

KIKAO HIKI KILIANZIA WAPI?

Kukaa kama ukoo ni desturi ya zamani. Lakini kukiandika kikao hicho katika sheria ya watoto kulianza New Zealand. Huko watoto wa Kimaori, ambao ni wenyeji wa nchi, walikuwa wakichukuliwa na maofisa na kuwekwa kwa watu baki au kwenye nyumba za serikali. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na mzee wa Kimaori, John Rangihau, ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba serikali inawatoa watoto katika koo zao bila kuziuliza. Mwaka 1989 sheria mpya ilitungwa. Ilisema ukoo uitwe, upewe habari, uachwe ukae peke yake, na utoe mpango.

Njia hiyo ilienea Uingereza, nchi za Skandinavia, Uholanzi, Marekani na kwingineko. Karibu na kwetu, sheria ya watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005, kifungu cha 70, inairuhusu mahakama ya watoto kuagiza kikao cha familia.

Tuseme pia ukweli wote: sheria nzuri haikumaliza tatizo. Hata New Zealand, Wamaori waliendelea kulalamika miaka mingi baadaye kwamba watoto wao wanachukuliwa. Mahali ambapo maofisa waliita kikao wakiwa wameshaamua, kikao kiligeuka mchezo tu. Tulichukue hilo kama onyo.

KIKAO HIKI SI BARAZA WALA MAHAKAMA

Katika baraza, wazee wanasikiliza na kutoa hukumu. Mtu mmoja anashinda na mwingine anashindwa. Katika kikao cha familia hakuna mshtakiwa. Swali ni moja tu: tufanye nini ili mtoto huyu awe salama na alelewe vizuri? Chefe wa bairro, shehe, katekista au mfanyakazi wa afya anaweza kuja kutoa habari, lakini haamui. Wanaoamua ni wale watakaomlea mtoto baada ya wageni kuondoka.

MRATIBU NI NANI?

Mratibu ni mtu anayeandaa kikao. Anaweza kuwa mfanyakazi wa Acção Social, activista aliyefundishwa, au mtu wa bairro anayeaminiwa. Awe na sifa hizi:

– Si ndugu wa upande wowote, na hana deni wala ugomvi na familia hiyo.
– Si yeye anayegawa chakula au kuandika majina ya msaada. Watu hawatasema kweli mbele ya mtu aliyeshika kadi zao.
– Anajua lugha ya familia, iwe Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, au anakuja na mkalimani ambaye familia imemkubali.
– Anajua kutunza siri.

Mratibu hana jibu mfukoni. Akija na jibu, si mratibu tena.

KAZI KUBWA NI KABLA YA KIKAO

Wengi hudhani kikao ni ile siku ya kukaa. La. Kwa mratibu, siku ya kikao ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kutembea, nyumba kwa nyumba, kwa siku kadhaa au wiki mbili tatu.

Kwanza, aongee na mtoto. Aongee naye faraghani, mahali anapojisikia huru, si mbele ya mlezi. Amuulize: “Ni nani unayemkumbuka? Ukiumwa, unamwita nani? Ni nani unayemwogopa?” Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Msumbiji iliuridhia mwaka 1994, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Kumsikiliza hakumaanishi kumtwisha uamuzi. Usimuulize mtoto wa miaka sita achague kati ya bibi na shangazi.

Pili, ahesabu ndugu. Chora mti wa ukoo chini kwenye mchanga pamoja na mtoto na mlezi. Hapa kuna kosa linalofanyika sana: kuita upande mmoja tu. Kwa Wamakonde na Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito mkubwa. Mmakua atauliza nihimo ya mtoto, Mmakonde atauliza likola. Kwa familia nyingi za Kimwani na za Kiislamu za pwani, upande wa baba nao una haki ya kusema. Na ndoa za pwani zimechanganya makabila. Kwa hiyo ita pande zote mbili. Upande ulioachwa nje ndio utakaokuja mwezi wa pili kuvunja mpango.

Usisahau wanawake. Mjomba anaweza kuwa na neno la mwisho, lakini mara nyingi anayejua kama ndani kuna unga ni mama mdogo au bibi. Usimsahau pia mtu asiye wa damu ambaye amemlea mtoto tangu siku ya kukimbia. Naye ni familia ya mtoto huyo.

Tatu, awatafute walio mbali. Ndugu aliyeko Pemba, Mueda au Mtwara anaweza kupigiwa simu na sauti yake ikasikika kikaoni. Asiye na simu anaweza kutuma neno kwa mtu anayeaminiwa, na mratibu alisome kama lilivyo.

Nne, apime hatari. Kama yupo ndugu anayesemekana alimpiga vibaya au kumdhuru mtoto, asiketishwe mbele yake. Maoni yake yanaweza kuletwa kwa njia nyingine. Kama mama au shangazi anaogopa kusema mbele ya mtu fulani, apangiwe mtu wa kukaa karibu naye na kumsemea.

Tano, achague siku na mahali kwa kuiuliza familia. Wavuvi wakiwa baharini, kikao kitakosa wanaume. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, wanawake wengi wako pwani wakitafuta pweza na chaza. Ijumaa mchana ni swala, Jumapili asubuhi ni misa. Wakati wa kupanda, watu wako machamba. Mahali pawe pa familia: baraza ya nyumba, chini ya mwembe, si ofisi ya shirika. Chai na mihogo vinatosha. Posho isilipwe, maana watu watakuja kwa ajili ya posho.

SIKU YA KIKAO: HATUA TATU

1. Habari. Watu wanasalimiana, na mkubwa wa familia anafungua kwa dua au kwa desturi yao. Mratibu anaeleza sababu ya kukutana. Kisha anayejua jambo analisema kwa lugha nyepesi: mwalimu kuhusu shule, mfanyakazi wa afya kuhusu afya, Acção Social kuhusu sheria na msaada uliopo. Ndugu wanauliza maswali mpaka waridhike. Sisi wa afya tunasema yale tu yanayohitajika kumlea mtoto. Habari za ugonjwa wa siri, kama VVU, hazitangazwi kikaoni. Mlezi ataelezwa faraghani, kwa ridhaa inayotakiwa.

2. Familia peke yake. Mratibu, activista na wageni wote wanaondoka. Wanakaa mbali kidogo, mahali wanapoweza kuitwa. Hiki ndicho kiini cha kikao, na ndicho ambacho maofisa hupenda kukiruka. Watu wataongea mambo ambayo hawawezi kuyasema mbele ya mgeni: nani alikimbia akaacha watoto, nani ana deni, nani hana uwezo ila anaona haya kukiri. Waachwe. Iwe nusu saa au mchana mzima.

3. Mpango. Familia inamwita mratibu na kumweleza ilichoamua. Anaandika kwa maneno yao, anasoma kwa sauti, wanasahihisha. Swali lake ni moja: je, mtoto atakuwa salama? Kama ndiyo, mpango unakubaliwa hata kama yeye angechagua vingine.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kuna binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Baba amefariki, mama alipotea wakati wa kukimbia. Wanakaa na mjane ambaye si ndugu. Mdogo ana kifafa. Ba'mdogo anataka kumchukua mvulana aje amsaidie kwenye mashua. Mjomba aliye ng'ambo ya mto anataka binti apelekwe kwake. Na yupo mwanamume anayesema atamwoa binti na “kumtunza”.

Bila kikao, watoto hawa wangegawanywa kama vyombo vya marehemu.

Mratibu anaongea na binti peke yake. Binti anasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: usiku mdogo wake akipatwa na kifafa, ni yeye anayejua kumlaza ubavu, na anaogopa kwamba wakitengana mtoto atakufa. Mratibu anamwomba ruhusa ya kulisema hilo kikaoni. Binti anataka limsemwe na bibi mzaa mama.

Siku ya kikao mfanyakazi wa afya anaeleza dawa za kifafa, kwamba hazikatizwi, na kwamba mtoto huyo asiende baharini, kwa sababu akianguka majini atazama. Kisha wageni wanatoka. Ndugu wanabishana. Ba'mdogo anasema, “Mimi si mwizi wa mtoto, mashua yangu haina mtu.” Bibi anamjibu, “Mwanangu, mashua itapata mtu. Huyu akizama, hatutapata mwingine.”

Mwisho wanakuja na mpango. Watoto wote wawili watakaa kwa mama mdogo, katika bairro hilohilo, ili shule na kituo visibadilike. Ba'mdogo ataleta samaki mara mbili kwa wiki na kununua madaftari. Mjomba atachangia kila atakapopata. Mjane ataendelea kumpeleka mvulana kuchukua dawa, kwa sababu anazijua tarehe. Hakuna ndoa. Mama ataendelea kutafutwa, na akipatikana familia itakaa tena.

Je, wote wameridhika? Hapana. Mjomba bado anaona heshima yake imepungua. Lakini alikuwepo kwenye simu, alisikilizwa, na hakuna aliyeamua nyuma yake. Anaweza kuishi na uamuzi huo.

MAMBO AMBAYO KIKAO HAKIWEZI KUYAAMUA

Familia ina uhuru mkubwa, lakini una mipaka.

– Kikao hakiwezi kumwoza mtoto. Sheria ya Msumbiji namba 19 ya mwaka 2019 inakataza ndoa na kukaa kinyumba na mtu aliye chini ya miaka 18. Kukubali kwa wazazi hakubadilishi kitu.
– Kikao hakiwezi kumaliza kesi ya kubakwa au kuumizwa mtoto kwa kulipa fidia. Mtoto aletwe kituoni haraka, ikiwezekana ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi baada ya muda huo. Taarifa itolewe.
– Kikao hakiwezi kumtoa mtoto kwa kundi lenye silaha au kwa kazi ya hatari.
– Mtoto asivushwe mpaka kwa siri, hata kwa ndugu wa kweli. Akivuka bila karatasi na bila Acção Social kujua, mama akitokea kesho hatajua pa kumtafuta.

Kama mtoto yuko hatarini leo, usingoje kikao. Mlinde kwanza, kikao kitafuata.

BAADA YA KIKAO

Mpango uwe na majina na tarehe. “Tutamsaidia” si mpango. “Ba'mdogo ataleta samaki Jumanne na Ijumaa” ni mpango. Nakala ikae kwa mlezi, nyingine kwa Acção Social. Kama imeandikwa Kireno, isomwe kwa lugha ya familia kabla mtu hajatia dole gumba.

Andikeni pia: cédula ya mtoto iko wapi, na kama hana, nani atamwandikisha; kadi ya chanjo iko kwa nani; shule gani; na kama mlezi akiugua, nani atashika nafasi yake.

Baada ya miezi mitatu mratibu arudi. Si kukagua kama polisi, bali kuuliza: ni lipi limefanyika, ni lipi limeshindikana? Mpango unaoshindikana hubadilishwa, hauachwi. Hali za watu hubadilika, hasa penye vita na njaa.

MASWALI MNAYOULIZA

Familia isipokubaliana je? Mratibu anaweza kuwaita tena baada ya siku chache. Ikishindikana kabisa, Acção Social au mahakama itaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Habari za kikao zitawasaidia.

Mtoto hana ndugu anayejulikana. Tufanye nini? Aandikishwe ili ndugu watafutwe. Wakati huo kikao kinaweza kuwa cha wale wanaomjua: majirani, mwalimu, watu wa kijiji chake. Wao ndio wanaokumbuka majina. Penye wengi hapaharibiki neno.

Nikimpokea mtoto, nitaonekana nataka chakula cha msaada? Hilo huwaumiza walezi wengi wema. Kikao kinakulinda: ukoo umekupa mtoto mbele ya mashahidi, na kila mtu anajua mzigo umegawanywa vipi.

Mimi ni mwenyeji, si mkimbizi. Kikao kinanihusu? Ndiyo. Mtoto wa mwenyeji aliyefiwa ana haki ileile.

UANZE WAPI?

Ukiwa na mtoto asiye wako, au ukijua mtoto asiye na mlezi wa kudumu, mwambie activista wa bairro lako, au fika kituo cha afya siku yoyote ya kliniki, au nenda kwa Acção Social. Unaweza pia kupiga simu ya watoto, Linha Fala Criança, namba 116, bila malipo. Huhitaji barua wala kadi ya mgawo. Njoo na majina ya ndugu unaowakumbuka, hata mawili. Kwa majina hayo mratibu ataanza kutembea.